Kinyozi wa Safu ya Kwanza, Arena Nazas

Baba Padre, wafiwa wenzangu, majirani wa mtaa wetu, vinyozi wa soko la Alianza, na ninyi wanamieleka mliokuja na vinyago vyenu na mliokuja bila vinyago, mimi ni Eduviges Barrientos Luján, mdogo wake marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, kwa sababu binti yake Otilia amesema akisoma yeye atalia asimalize, na mkwe wake Jacinto amesema akisimama yeye mbele yenu mtamzomea kwa mazoea tu. Nitasoma kwa huzuni, lakini nisiwafiche, nitasoma pia na moyo uliotua, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaelewa kwa nini.

Marehemu Evodio Barrientos Luján alizaliwa tarehe 6 Mei 1936 huko Viesca, jimbo la Coahuila, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Gumersindo Barrientos, kibarua wa mashamba ya pamba, na marehemu Tiburcia Luján, mwoka mikate, waliojaliwa watoto watatu, wa kati akafariki akiwa mchanga, tukabaki kaka yangu na mimi. Utoto wake haukuwa na mengi ya kusimulia isipokuwa jambo moja, ambalo bila hilo hamtamwelewa, nalo ni kwamba siku moja ya mavuno, akiwa na umri wa miaka minane, alimwona msimamizi wa shamba akimchapa baba yetu kwa fimbo mbele ya vibarua wote kwa kosa la kumwaga gunia, na baba yetu, mtu mzima mwenye masharubu, akavua kofia na kusema, "Asante, bwana." Evodio hakulisema jambo hilo kwa mtu yeyote kwa miaka mingi, ila alikataa kuvaa kofia mpaka alipokuwa mtu mzima.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi ya Viesca hadi darasa la nne, na mwaka 1947, chemchemi za kule zilipokauka na watu kuanza kuhama, familia yetu ilihamia hapa Torreón, na hakurudi tena darasani, ingawa aliendelea kujisomea mabango ya mieleka yaliyobandikwa kwenye kuta za mji, na ndiyo maana mpaka uzee wake aliandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata kadi ya pole.

Kuhusu kazi, mwaka 1951 aliingia kujifunza unyozi kwa marehemu Melitón Arreola, karibu na soko la Alianza, na mwaka 1960 alifungua duka lake mwenyewe la kunyolea, akaliita "Maanguko Mawili kati ya Matatu", kwa kuwa ndivyo mieleka yetu inavyoamuliwa, na humo alifanya kazi kwa miaka arobaini na minane bila kumkata mteja sikio, ingawa mara moja alikaribia. Mteja huyo alikuwa karani wa posta, ambaye siku moja, akiwa amelazwa kitini na povu shingoni, alisema kwamba mieleka ni maigizo matupu. Marehemu alisimamisha wembe palepale ulipokuwa, chini ya kidevu, akamuuliza kwa upole, "Samahani, sikusikia vizuri, umesema ni nini?" Karani akasema, "Nimesema ni mchezo mzuri sana, Bwana Evodio." Marehemu akaendelea kunyoa, na alipomaliza akamwambia, "Mtu akiruka kutoka kamba ya juu akaangukia mgongo, wewe sema anaigiza ukitaka, lakini sakafu haijui kuigiza." Karani yule aliendelea kuwa mteja wake mpaka alipostaafu, nami namwona yuko pale nyuma, karibu kijana.

Kwa hiyo nije kwenye mieleka, ambayo katika maisha ya kaka yangu haikuwa burudani, na wageni wetu mliotoka Saltillo mnivumilie kidogo, kwa kuwa lazima mjue kwamba ulingoni kuna watu wa namna mbili, waungwana wanaopigana kwa kufuata sheria, na wakorofi wanaong'ata, wanaovuta nywele, na kumpiga mtu teke mwamuzi akigeuza kichwa. Marehemu alipelekwa Arena Nazas, ukumbi wetu wa mieleka, kwa mara ya kwanza na mwalimu wake Melitón, Jumapili moja ya mwaka 1952, akamwona mkorofi mmoja mnene, mwenye viatu vyeupe, akimtesa kijana mwembamba kwa maanguko mawili mazima, ingawa la pili mwamuzi alimnyima kwa kuvunja sheria, na katika la tatu yule kijana akaamka, akamwinua yule mnene juu ya kichwa, akamtupa nje ya kamba mpaka kwenye viti. Kaka yangu alikuja nyumbani usiku ule jasho likimtoka kana kwamba yeye ndiye aliyepigana, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, akaniamsha na kuniambia, "Eduviges, nimemwona msimamizi akipigwa." Nikamuuliza msimamizi gani, akasema, "Wote."

Tangu siku hiyo hakukosa Jumapili isipokuwa kwa sababu zinazokubalika kanisani, akakaa safu ya kwanza, kwenye kona ya waungwana, na sauti yake ikajulikana kuliko kengele ya arena. Mimi nilianza kwenda naye mwaka 1958, na kwa ubishi niliozaliwa nao nikachagua wakorofi, tukakaa kiti kwa kiti kwa zaidi ya nusu karne tukishabikia pande mbili, na kila Jumapili tuliporudi nyumbani kwa miguu tulibishana mpaka mlangoni.

"Utawezaje kumpenda mtu anayemtia mwenzake mchanga machoni?" aliniuliza.

"Mkorofi hanidanganyi," nilimjibu. "Ubaya wake kauweka wazi, taa zote zinamulika. Mimi namwogopa yule aliyechana nywele vizuri."

"Wewe ungemchagua Baraba!"

"Na wewe ungemtukana Baraba mpaka ukasahau kumtazama Bwana Yesu!"

Hapo alicheka, nami nikajua nimeshinda anguko moja. Lakini maoni yake ya kweli aliyasema siku nyingine, kwa utulivu, kwamba duniani mkorofi hashindwi kamwe, ana shamba, ana mizani, ana rafiki mahakamani, na kama pako mahali ambapo angalau mara moja kwa wiki anaangushwa mgongo na watu maskini wanahesabu moja, mbili, tatu kwa pamoja, basi yeye atalipa kiingilio. Pia ilijulikana kwamba kuanzia mwaka 1968, wanamieleka walipowekeana dau la nywele, arena ilimwita yeye apande ulingoni na mashine yake amnyoe aliyeshindwa, na kazi hiyo aliifanya kwa heshima kubwa, akimfunga mshindwa taulo safi shingoni hata kama alikuwa mkorofi, kwa maana alisema mtu aliyeshindwa hadharani asinyolewe vibaya juu ya hayo.

Kuhusu ndoa, tarehe 9 Juni 1962 alifunga pingu za maisha na Natividad Sifuentes, mwanamke mpole wa mji wa Gómez Palacio, ambaye hakukanyaga arenani hata siku moja, ila kila Jumapili jioni alisali rozari kwa ajili ya walioshindwa, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Otilia, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1964. Natividad alituacha tarehe 14 Agosti 1983, baada ya kuugua kisukari, na hapo tuliona jambo ambalo hatukulitarajia, kwamba kaka yangu aliendelea kwenda arenani kila Jumapili lakini alikaa kimya. Hakupiga kelele, hakusimama, hakumwita mwamuzi kipofu, alikuwa ameshika kofia magotini na kutazama ulingo kama mtu anayetazama mvua dirishani, na kimya chake kiliwatia wasiwasi hata wakorofi wenyewe, mmoja akanijia mlangoni akauliza, "Mama, kwani tumemkosea nini?"

Aliyemtoa katika hali hiyo alikuwa mkorofi mgeni, mwenye kinyago cha rangi ya udongo, aliyejiita Tolvanera, jina la ile dhoruba ya vumbi inayotufunga macho kila mwezi Machi. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka 1984 Tolvanera alitoka nje ya kamba, akasimama mbele ya kaka yangu, akamtazama kwa muda mrefu, akamnyang'anya kofia, akaiweka sakafuni na kuikalia. Kisha nikasikia kitu kikikoroma kando yangu, na kaka yangu akasimama, akiwa amewiva usoni kama pilipili, akapaaza sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi, "Ewe mfuko wa vumbi! Ewe uliyezaliwa kwa kupiga chafya! Inuka juu ya kofia yangu nikuonyeshe!" Usiku ule hakulala kwa kumlaani Tolvanera, akaomba chakula mara mbili, nami nilikwenda chumbani kwangu nikapiga magoti na kumshukuru Mungu kwa ajili ya mkorofi yule, ambaye hata jina lake la ubatizo sikulijua. Kuanzia hapo Tolvanera ndiye aliyekuwa adui wake mkuu, na mimi, bila shaka, nikawa shabiki wake mkuu.

Otilia alijifunza ushonaji, na mwaka 1988 alituletea mchumba, Jacinto Rentería, mzaliwa wa Lerdo, fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha barafu, kijana mwenye sauti ndogo, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na ambaye siku za Jumapili hakuonekana kwa kuwa, kama alivyosema, zamu ya Jumapili kiwandani ilikuwa yake. Marehemu alimpenda mara moja, akamnyoa bure kila Jumamosi, na alipouliza habari ya makovu yaliyojaa kwenye kipaji cha uso, Jacinto alimwambia ni mabomba ya barafu, yapo chini na yeye ni mrefu. Walifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1989. Leo hakuna hapa asiyejua Jacinto alikuwa nani siku za Jumapili, lakini wakati ule alijua Otilia peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeshona kile kinyago cha rangi ya udongo kilipochanika, na hivyo ndivyo walivyofahamiana, na mwenye kinyago haruhusiwi kujitaja hata kwa wakwe.

Kwa miaka minne, ndugu zangu, mimi nilimshangilia Tolvanera Jumapili na kumpakulia Jacinto maharage Jumatatu, bila kujua kwamba ni mtu mmoja. Nilisema mbele yake kwamba Tolvanera ana mabega ya fahali, naye akapaliwa na kahawa. Kaka yangu alisema mbele yake mambo ambayo siwezi kuyasoma mbele ya Padre, akapiga meza na kuapa, "Mkorofi hatakula katika nyumba hii mimi nikiwa hai," na Jacinto akasema, "Ndiyo, baba mkwe," akaomba chumvi. Otilia ameniambia baadaye kwamba usiku walipolala hawakujua wacheke au walie, kwa sababu kila kiapo kilikuwa kinazidi kuwafunga.

Mwaka 1993 Otilia akapata mimba, baada ya kuingoja muda mrefu, na Jacinto akamwambia mkewe, "Sitaki mtoto wangu afundishwe kudanganya kabla hajafundishwa kutembea." Wenye arena walipomletea mkataba wa dau, kinyago chake dhidi ya nywele za Garza de Plata, muungwana ambaye kaka yangu alimpenda kuliko wote, alikubali, jambo ambalo kwa miaka kumi alikuwa amelikataa. Otilia alimuuliza, "Na ukishindwa?" Akasema, "Nikishindwa nitakula kwa baba yako nikiwa na uso mmoja, au sitakula tena."

Pambano lilifanyika Jumapili tarehe 12 Septemba 1993, na kwa kuwa nywele zilikuwa zimewekwa dau, marehemu alikaa chini ya ulingo na mashine yake na taulo safi, hajala tangu asubuhi, akiomba asije akalazimika kumnyoa Garza de Plata. Otilia, ambaye hakuwa mtu wa kuja arenani, alikaa kando yangu akiwa ameshika tumbo, nami nilidhani ni mimba inamsumbua. Katika anguko la tatu Garza alimfunga Tolvanera mguu na mkono mpaka akasalimu amri, na kaka yangu aliruka juu kama mtoto, machozi yanamtoka, na ndiye aliyeanzisha, kwa sauti ile yake, "Kinyago! Kinyago!" na watu wote wakamfuata. Otilia alinishika mkono akaniambia, "Shangazi, mnyamazishe baba, tafadhali." Nikasema hilo halijawahi kumwezekana mtu.

Kamba za kinyago zilifunguliwa polepole, kama ilivyo desturi, kikavuliwa, na mtangazaji akasoma jina, mahali alikozaliwa na miaka aliyopigana, "Jacinto Rentería Ochoa, wa Lerdo, miaka kumi ulingoni." Nilisikia wateja wa kinyozi wakisema nyuma yangu, "Si yule wa barafu? Si mkwe wake?" Jacinto, damu ikimtiririka usoni, aliangalia chini ya ulingo na kusema, "Nisamehe, baba mkwe." Kaka yangu alikuwa na mdomo wazi, na ile kelele yake ilikuwa imekatika katikati ya neno. Alikunja taulo mara mbili, akaliweka ukingoni mwa ulingo, akatoka nje ya arena kwa mlango wa upande.

Kilichomuumiza hakikuwa ukorofi, nataka mlijue hilo. Kilichomuumiza ni kwamba kichwa kile alikishika kwa mikono yake kila Jumamosi na hakukisoma, yeye aliyejisifu kwamba akigusa kisogo cha mtu anajua analala upande gani, na sasa mji mzima ulipita mbele ya duka lake ukicheka kwa adabu. Alifunga duka kwa siku kadhaa. Otilia alipokuja alimkuta jikoni, akamwambia, "Baba, nani alinifundisha kwamba kinyago hakisemwi? Nilikuwa na miaka mitano, uliniambia anayemfichua mwenye kinyago hana mama wala haya." Alijibu, "Nilikuambia kuhusu watu wengine." Otilia akasema, "Kila mmoja wao ni mkwe wa mtu fulani, baba," akaondoka. Kaka yangu hakwenda kwao, wala hakuja arenani, na kiti chake nilikiwekea sweta langu.

Wakati huohuo mambo yalimharibikia Jacinto. Alianza kupigana na uso wazi, na watu hawakumzomea, kwa sababu sasa walimtambua, ni yule kijana wa kiwanda cha barafu aliyewatengenezea jokofu wakati wa joto, mnyenyekevu, mke ana mimba, maskini. Alimvuta mtu nywele, na mama mmoja akasema, "Mwacheni, ana matatizo nyumbani." Ndugu zangu, mkorofi asiyezomewa ni mkate usio na hamira, na mwenye arena alimwambia Jacinto kwamba ikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, asirudi. Nilimweleza kaka yangu hayo yote mezani, neno kwa neno, sikuongeza langu, na yeye akaendelea kukata nyama yake vipande vidogo sana.

Jumapili tarehe 7 Novemba 1993, pambano la Jacinto likiwa katikati na arena ikiwa kimya kama darasa la mtihani, niliona sweta langu likiinuliwa, na kaka yangu akaketi. Hakunisalimu. Alimtazama Jacinto ulingoni, uso mtupu, mabega yameshuka, akimsubiri mpinzani ainuke badala ya kumkanyaga. Kisha akasimama.

"Wewe Rentería!" alipaaza sauti, na kila mtu akageuka. "Mwizi! Mlafi! Umekula kwangu miaka minne, umemaliza bata mzinga wa Krismasi, mpaka shingo, na ukaniambia unafanya kazi Jumapili!"

Jacinto alisimama wima, akamwelekea.

"Kazi gani hiyo? Kumng'ata mtu sikio ni kazi? Nimekunyoa bure, mbwa mwitu wewe, nimekunyoa bure na nimekupa binti yangu!"

Kicheko kikaanza juu kabisa kwenye viti vya bei ndogo, kikateremka, na kicheko kikageuka kuwa mzomeo, mkubwa, mtamu, wa watu wote, watoto na bibi zao, "Mlafi! Mlafi!" Nilimwona Jacinto akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Machozi yalimjaa machoni, akayafuta kwa kiganja, akatoka nje ya kamba, akaja mpaka mbele ya baba mkwe wake, akamvua kofia, akaikalia. Halafu alichukua kiti kitupu kilichokuwa kando yangu, akarudi nacho ulingoni, na mwamuzi alipogeuza kichwa akampiga nacho mpinzani wake mgongoni. Kaka yangu aliketi, sauti imemkauka, akaniambia bila kunitazama, "Ana mabega ya fahali, hilo ulisema kweli." Jumatatu Jacinto alikula kwetu, akala mara tatu, na tangu siku hiyo mpaka alipostaafu aliitwa Mlafi wa Lerdo katika arena zote za kaskazini, na jina hilo liliwalisha.

Marehemu alijaliwa wajukuu wawili, Natividad, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1994, na Gumersindo, aliyezaliwa tarehe 11 Julai 1997, na wote wawili aliwafundisha kutembea kwa kuzunguka ulingo wakiwa wameshika kamba ya chini.

Kuhusu ugonjwa, sauti yake ilianza kukwaruza mwishoni mwa mwaka 2007, sisi tukasema ni kelele za miaka hamsini na mitano, lakini uchunguzi ulionyesha uvimbe kooni, alifunga duka la kunyolea mwaka 2008, na mwezi Machi 2009 alifanyiwa upasuaji uliomwokoa maisha na kumwondolea sauti kabisa. Tuliogopa kwamba atarudi kwenye kile kimya cha mwaka 1983. Haikuwa hivyo. Alirudi kwenye kiti chake, na mkorofi alipofanya uovu alinifinya mkono, akainyooshea kidole midomo yangu, na kwa kuwa nilizijua laana zake zote kwa moyo, ikabidi mimi, mfuasi wa wakorofi tangu ujana, nisimame na kuwalaani watu wangu mwenyewe kwa niaba yake. Kama kuna upendo wa ndugu mkubwa kuliko huo, Padre ataniambia. Mkorofi mmoja aliniuliza machoni mwake kuna machozi ya kicheko, "Hata wewe, Mama Eduviges?" Nikamwambia, "Mimi ni mkalimani tu, mwanangu, endelea."

Mwaka huu ugonjwa ulirudi, na daktari, kwa ukweli ambao tunamshukuru, alituita pembeni akatuambia kwamba mwisho wa maradhi haya mara nyingi ni mgumu, pumzi hufungwa, na tujiandae. Tulijiandaa. Tulilala kwa zamu, tukiwa tumekaa, na kila alipokohoa tuliinuka, na mimi nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba mtu aliyeishi kwa kupaaza sauti asife kwa kukabwa.

Jumanne tarehe 17 Mei 2011, asubuhi, alikunywa nusu kikombe cha uji wa chokoleti, akaashiria kidevu chake kwamba ndevu zinamkera, na Jacinto akamketisha kwenye kiti chake cha zamani cha kinyozi, karibu na dirisha, akampaka povu, akaanza kumnyoa kwa wembe wa marehemu mwenyewe, mikono yake mikubwa ikienda polepole. Otilia alikuwa anakunja nguo, mimi nilikuwa naosha vikombe, redio inasema habari za mvua ambayo haikunyesha. Jacinto alipomaliza shavu la kulia alihisi kwamba uso umekuwa mzito mkononi mwake, akatazama, akaona amefunga macho, hakuna kukoroma, hakuna kukohoa, kifua kimetulia kama cha mtu aliyeshiba. Hakutuita. Alinyoa shavu la kushoto, akanyoa shingo, akamfuta povu kwa taulo la uvuguvugu, akamchana nywele, ndipo akaja jikoni akasema, "Shangazi, amelala. Hakuumia hata kidogo. Njoo umwone, ni msafi." Nililia, ndugu zangu, nikakaa chini sakafuni nikalia, na nusu ya machozi yale ilikuwa ya shukrani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali aliyotibiwa, waliojifunza kusoma vidole vyake na kujibu matusi yake kwa tabasamu, inawashukuru majirani walioleta maharage, nyama na viti tangu jana, vinyozi wa Alianza waliofunga maduka yao leo, mwenye Arena Nazas aliyetoa gari, na wanamieleka wa pande zote mbili, ambao asubuhi hii waligombana mlangoni waungwana wabebe jeneza au wakorofi, mpaka nikaamua waungwana washike kulia na wakorofi washike kushoto, na ninawaomba wa kushoto wasimkwaze mtu mguu mpaka tufike makaburini. Wageni mliotoka mbali, chakula kipo nyumbani, asiondoke mtu na njaa.

Evodio, kaka yangu, koo haliumi tena, wala hatulali tena tukiwa tumekaa. Pumzika kwa amani, nasi tutapumzika leo usiku.